Kufungua, kuchambua na kuuza bodi za kielektroniki bila kuchoma: mwongozo kamili kwa mafundi wa Mombasa

Kuna gunia ambalo mnunuzi wa bodi hulijua hata kabla halijafunguliwa. Ndani mna bodi za kompyuta zilizovunjwa kwa nyundo, bodi za redio na ving'amuzi, betri mbili tatu za simu, feni zilizojaa vumbi, na nyaya zilizochomwa zikawa nyeusi. Aliyelileta amelisukuma kwa mkokoteni kutoka Kongowea au Changamwe, na analipwa bei ya mali duni kwa gunia zima, ingawa humo ndani mlikuwa na kilo kadhaa za bodi nzuri.

Karibu kila mara hasara hiyo inatokana na kuchanganya na kuchoma. Yote mawili yanaepukika bila mtaji mkubwa.

Mwongozo huu ni wa fundi wa simu au kompyuta mwenye rundo la vifaa vilivyokufa, mnunuzi mdogo wa chuma chakavu, na vikundi vya vijana vinavyokusanya taka mitaani. Lengo ni moja: bodi imfikie mnunuzi mwenye leseni ikiwa nzima, kavu, na ikiwa katika kundi lake.

## Kabla ya yote: usijaribu kutoa dhahabu mwenyewe

Nalisema mapema kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia. Dhahabu imo kwenye bodi, lakini ni kidogo mno. Kilo moja ya bodi kuu za kompyuta kwa kawaida haina hata nusu gramu. Ili kuipata, watu wanatumia tindikali ya nitriki, zebaki au sianidi katika ndoo za plastiki uani.

Moshi wa rangi ya kahawia unaotoka kwenye tindikali ya nitriki unaweza kumwacha mtu akijiona mzima jioni, kisha usiku mapafu yake yakajaa maji. Tindikali iliyobaki humwagwa mtaroni, na mitaro yetu mingi inaishia katika mkono wa bahari wa Tudor, kwenye mikoko na samaki.

Tena unapoteza. Mbinu hiyo hukupatia sehemu tu ya dhahabu na kuharibu shaba, fedha na paladi ambazo mnunuzi angezilipia. Kiwanda cha kuyeyusha huzipata zote kwa pamoja.

## Vitu unavyohitaji

Andaa vyote kabla hujagusa skrubu ya kwanza:

- Meza imara yenye uso unaofutika, mahali penye upepo lakini si jikoni wala chumba cha kulala
- Bisibisi za msalaba kubwa na ndogo, bapa, na seti ya zenye ncha ya nyota kwa simu na laptopu
- Koleo, kisu kikali chenye mpini mzuri, na sumaku
- Mita ya umeme inayoweza kupima angalau volti 600 za DC
- Balbu ya kizamani ya waya, wati 40 au 60, kwenye soketi yenye nyaya mbili zilizofunikwa vizuri na ncha za kugusia. Balbu ya LED haifai
- Glavu, miwani ya kinga, viatu vya kufunika vidole, na barakoa ya kuzuia vumbi laini ya aina ya N95 au FFP2. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi la madini ya risasi
- Mizani ya dijitali, daftari, na kalamu ya wino usiofutika
- Masanduku au ndoo kavu zisizopungua 8, magunia safi, na paleti za mbao
- Debe la chuma na mchanga mkavu, kwa ajili ya betri
- Utepe wa umeme, vitambaa na maji

Mchanga wa ufuoni usiutumie kabla ya kuuosha kwa maji yasiyo na chumvi na kuuanika hadi ukauke kabisa. Chumvi yake hupitisha umeme ikipata unyevu, na kwetu unyevu haukosekani.

## Vifaa ambavyo hufungui

Vifuatavyo viache vizima uvipeleke kama vilivyo:

Televisheni za zamani zenye kichogo. Bomba la kioo lina risasi nyingi na poda yenye sumu kwa ndani. Limetolewa hewa, kwa hiyo likigongwa hupasuka na kurusha vipande. Shaba ya shingoni inawatamanisha wengi, lakini haifai jicho la mtu.

Maikrowevu. Kapasita yake (kipande kinachohifadhi umeme) hubeba zaidi ya volti 2,000 na imeua mafundi wazoefu. Pia baadhi ya magnetroni, yaani sehemu inayozalisha mawimbi ya kupasha chakula, zina seramiki yenye berili, ambayo vumbi lake likivutwa huharibu mapafu moja kwa moja.

Friji na viyoyozi. Gesi lazima ivutwe na fundi mwenye mashine yake. Friji nyingi mpya zina gesi ya R600a, ambayo inawaka.

Taa za mirija na skrini za zamani za LCD. Nyuma ya kioo cha skrini hizo mna mirija myembamba yenye zebaki. Ukiivunja ndani ya chumba, umeivuta.

Chochote kati ya vifaa hivi utakachokipokea, kiweke pembeni penye kivuli na uandike juu yake: KISIFUNGULIWE.

## Hatua ya 1: Jaribu kama bado kinafanya kazi

Uchumi wa mzunguko, ambao vitu hurudishwa kwenye matumizi badala ya kutupwa, hauanzii kwenye tanuru. Unaanzia kwenye kutumia tena. Ramu (RAM) inayofanya kazi, hadi diski (hard disk) nzima, skrini ya laptopu, chaja asili na hata feni ya kompyuta huuzwa kwa bei inayozidi mara nyingi thamani ya madini yake.

Washa kifaa, jaribu kila sehemu, tenga inayofaa na uiandike tarehe. Usitenge kitu kwa matumaini. Kipuri ambacho hakijapata mnunuzi kwa miezi kadhaa kinaliwa na kutu ya hewa ya bahari, kwa hiyo jipangie muda wa mwisho kisha ukiweke pamoja na bodi za kuuza.

*Umefaulu ikiwa* kila kilichobaki mezani una hakika kimekufa au hakina soko.

## Hatua ya 2: Futa taarifa za watu

Ofisi na shule zitakuamini mara moja tu. Hadi diski inayofanya kazi iandikwe upya yote kwa programu ya kufuta, maana kubonyeza kitufe cha kufuta mafaili hakutoshi. Iliyokufa itobolewe kwa drili kupita kwenye visahani. Vaa miwani, kwa kuwa visahani vya hadi diski nyingi za laptopu ni vya kioo na hupasuka vipande vipande. Diski za SSD hazina visahani, kwa hiyo chipu zenyewe ndizo za kuvunjwa.

Mteja wa ofisi mwandikie karatasi yenye namba ya kila kifaa na tarehe kilipofutwa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na karatasi hiyo ndiyo itakayomfanya mhasibu akuite tena mwakani.

*Umefaulu ikiwa* hakuna diski inayosomeka iliyoingia sandukuni.

## Hatua ya 3: Toa betri zote kabla ya jambo lingine

Moto mwingi kwenye maghala ya taka za kielektroniki huanzia kwenye betri ya lithiamu iliyosahaulika. Ikitobolewa au kupondwa na mzigo wa juu, hujipasha yenyewe hadi inawaka, na unaweza kudhani umeizima kumbe itawaka tena.

1. Zima kifaa na uchomoe waya wa betri kwanza.
2. Ikiwa imegandishwa kwa gundi, iinue taratibu kwa kadi ya plastiki. Bisibisi isikaribie hapo.
3. Funga ncha zake kwa utepe wa umeme.
4. Ipange kwenye debe la mchanga mkavu, betri zisigusane. Mfuniko uwekwe juu tu bila kukazwa, gesi ipate pa kutokea.

Betri iliyovimba usiibonyeze, usiitoboe ili "ipumue". Iweke peke yake kwenye mchanga, nje, kivulini, mbali na magunia. Na usiisafirishe chini ya kiti cha matatu au tuktuk yenye abiria.

Kumbuka kile kibetri cha mviringo kama sarafu kwenye bodi kuu ya kompyuta. Kinasahaulika kuliko vyote. Betri ya UPS (kifaa kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika) nayo ni ya risasi na tindikali: iuze nzima, usimwage maji yake.

*Umefaulu ikiwa* unaweza kupitia sanduku zima la bodi usikute betri hata moja.

## Hatua ya 4: Maliza umeme uliobaki

Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 240. Ndani ya pawa saplai hugeuzwa kuwa DC, na kapasita kubwa hubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya plagi kuchomolewa.

Chomoa, subiri angalau dakika 10, kisha fungua kasha bila kugusa bodi. Pima kwa mita miguu ya kapasita kubwa, ile inayofanana na kopo refu. Ukikuta volti, gusisha nyaya mbili za balbu kwenye miguu hiyo. Balbu itamulika kidogo kisha izime. Pima tena.

Wengi huunganisha miguu kwa bisibisi. Cheche inayotoka hapo inayeyusha ncha na kurusha chembe za moto machoni, na mkono ukishtuka hugonga palipo pabaya zaidi. Balbu ni rahisi na salama.

Fanya kazi hii kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa mfukoni au mgongoni. Umeme unaopita mkono hadi mkono unapitia moyoni.

*Umefaulu ikiwa* mita inaonyesha chini ya volti 5 mara mbili mfululizo.

## Hatua ya 5: Fungua kwa skrubu, si kwa nyundo

Nyundo inaonekana kama inaokoa muda. Kwa kweli inazalisha vumbi la nyuzi za kioo na risasi, inavunja bodi katika vipande ambavyo mnunuzi hawezi kuvitambua, na meno ya kuchomekea yenye dhahabu yanabaki sakafuni.

Toa skrubu zote, tenganisha kasha, kisha chomoa nyaya kwenye soketi zake. Kila kitu kiende sandukuni mwake papo hapo: chuma (kinachonaswa na sumaku), alumini, shaba, plastiki, nyaya, bodi. Ukisema utachambua baadaye, hutachambua.

Kutoka kwenye bodi kuu ya kompyuta toa prosesa, ramu, kipande cha alumini cha kupoza joto, feni, na vibano vya chuma. Ishia hapo. Chipu ndogo, soketi na pini ziache mahali pake. Bodi iliyong'olewa chipu hushushwa daraja mara moja, kwa kuwa mnunuzi anajua kilichoondoka.

Na zile sufuria za kupashia bodi juu ya jiko la mkaa ili chipu zidondoke, achana nazo. Lehemu ya zamani yenye risasi huyeyuka kwenye digrii 183, ya kisasa karibu 220, lakini mkaa haujui kipimo. Joto likipita takriban digrii 300 gundi ya ubao huanza kuvunjika, na kemikali zenye bromini zilizowekwa kuzuia moto hutoa gesi zenye sumu kali. Sufuria hiyo isirudi tena jikoni.

Vumbi lifute kwa kitambaa chenye maji. Usilifagie kavu wala kulipuliza. Usile wala kuvuta sigara mezani. Nawa mikono kwa sabuni na ubadilishe nguo kabla ya kwenda nyumbani, maana risasi hupanda kwenye shati ikafika kwa mtoto unayembeba, na kwa mtoto mdogo inadhuru ubongo hata ikiwa kidogo.

*Umefaulu ikiwa* bodi ni nzima, pembe zake zote zipo, na chini ya meza hakuna vipande.

## Hatua ya 6: Chambua bodi kwa madaraja

Hapa ndipo pesa ilipo, kwa hiyo usiende haraka. Mnunuzi akikuta kilo 2 za bodi duni ndani ya kilo 10 za bodi nzuri, atazilipa zote kwa bei ya duni au atazirudisha.

Daraja la juu. Bodi za simu zilizotolewa betri, skrini na kasha; ramu zenye meno ya dhahabu; kadi za kuchomeka zenye meno ya dhahabu; bodi za seva na mitambo ya mawasiliano. Prosesa ziwe na kisanduku chake, za seramiki mbali na za ubao wa nyuzi za kioo, kwani bei zao hazikaribiani. Ramu usiichanganye na simu ati kwa sababu zote ni za juu.

Daraja la kati. Bodi kuu za kompyuta na laptopu, bodi ndogo za chini ya hadi diski, na nyingi za ruta. Za hadi diski zitenge peke yake ukiweza. Ni nyepesi, lakini wanunuzi wengi wana bei yake.

Daraja la chini. Bodi za pawa saplai, chaja, redio, printa nyingi, na televisheni. Nyingi ni za rangi ya kahawia, zina njia za shaba upande mmoja tu, na ubao wake ni wa karatasi iliyogandishwa, ukiukunja unakatika kavu. Ukizitoa transfoma, alumini na koili kubwa za shaba, vitu hivyo utaviuza kando kwa bei bora kuliko bodi yenyewe.

Rangi isikudanganye. Kijani si uthibitisho. Geuza bodi, tazama pande zote mbili, kisha jiulize: chipu zimesongamana kiasi gani, na kuna meno ya dhahabu? Bodi yenye chipu nyingi ndogo zilizobanana ni ya juu kuliko yenye kapasita kubwa na nafasi tupu, hata kama zote ni za kijani. Ving'amuzi ndivyo vinavyosumbua zaidi: bodi moja inaweza kuwa na upande wa pawa saplai uliojaa kapasita na upande mwingine wenye chipu. Usikate. Weka kundi lake na umuulize mnunuzi.

Pima kila kundi, andika uzito kwenye gunia na kwenye daftari, kisha lipige picha likiwa wazi.

*Umefaulu ikiwa* mtu mwingine akitia mkono gunia lolote atatoa bodi ya aina ileile mara tano mfululizo.

## Hatua ya 7: Nyaya zimenywe, zisichomwe

Ganda la nyaya nyingi ni plastiki ya PVC. Likichomwa hutoa gesi ya asidi na dioksini, na shaba yenyewe inachochea dioksini hizo kutengenezeka. Dioksini hukaa mwilini kwa miaka na hufika kwa mtoto kupitia maziwa ya mama.

Nyaya nene zichane kwa kisu kwa urefu, ukisukuma mbali na mwili, na ganda hutoka kama la muhogo. Shaba itakuwa nyekundu na ya kung'aa. Iliyochomwa hutoka nyeusi, na wanunuzi huikata bei. Nyaya nyembamba za chaja na vipaza sauti hazilipi muda wa kumenya. Ziuze na ganda lake.

*Umefaulu ikiwa* shaba inang'aa na hakuna harufu ya moto uani kwako.

## Hatua ya 8: Hifadhi mbali na unyevu

Fundi wa Nairobi anaweza kulala bila kuwaza jambo hili. Wa Mombasa hawezi. Gunia likilala sakafuni wakati wa masika, hasa Mei, litavuta maji kama kitambaa. Dhahabu haitapotea, lakini mnunuzi atakata uzito wa unyevu kwa makadirio yake, na akiona kutu ya kijani atashusha daraja. Maji yanayochuruzika kutoka kwenye bodi zilizonyeshewa hubeba risasi ya lehemu hadi kwenye udongo.

Panga magunia juu ya paleti, mbali na ukuta, chini ya paa lisilovuja. Tumia magunia yanayopitisha hewa. Mfuko wa plastiki uliofungwa hufungia jasho ndani. Bodi zilizolowa zitandaze kivulini penye upepo kwa siku kadhaa kabla ya kupima. Ikiwezekana, uza kabla ya masika kuanza.

*Umefaulu ikiwa* uzito wa gunia wiki ya kwanza na wiki ya nne haujabadilika.

## Hatua ya 9: Uza kwa mwenye leseni, na uulize maswali

Biashara ya chuma chakavu ina sheria yake ya mwaka 2015 na inataka leseni. Leseni za kushughulikia taka ziko chini ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kabla hujakusanya kwa wingi, nenda ofisi yao ya kaunti uulize unachohitaji kwa kiwango chako, na uombe majina ya wanunuzi waliosajiliwa. Nairobi kuna WEEE Centre, inayopokea na kuchakata taka za kielektroniki. Mizigo midogo huliwa na nauli, kwa hiyo mafundi watatu wanne wakiunganisha bodi zao, kila mtu na gunia lake lenye jina, gharama hupungua.

Muulize mnunuzi kwa heshima lakini bila woga: "Mzee, bodi hizi zikitoka kwako zinakwenda wapi?" Jibu zuri litataja kiwanda. Bodi zinazochakatwa ipasavyo huishia kwenye viyeyushio vikubwa kama cha Umicore huko Hoboken, Ubelgiji, au cha Aurubis huko Lünen, Ujerumani, ambako huyeyushwa kwa joto linalopita digrii 1,000 na moshi wake husafishwa. Akikwepa jibu, au ukaona mapipa ya tindikali nyuma ya ghala, chukua mzigo wako uondoke.

Usidanganyike na anayekwambia mpakie kontena wenyewe pale bandarini Kilindini. Taka hizi husafiri kwa Mkataba wa Basel, mkataba wa kimataifa kuhusu usafirishaji wa taka za hatari, na tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za kielektroniki, zenye sumu na zisizo na sumu, zinahitaji idhini ya nchi zinazohusika kabla ya kuvuka mpaka. Hiyo ni kazi ya kampuni yenye leseni.

Siku ya kuuza, kila daraja lipimwe mbele yako. Linganisha na daftari. Kama anakata unyevu, akuonyeshe anavyokadiria kabla ya kukubaliana bei. Bei hufuata soko la dunia la shaba na dhahabu, hivyo ya mwezi uliopita si kipimo. Uliza wanunuzi wawili wiki ileile.

Kubaliana pia kuhusu mabaki kabla ya kumkabidhi bodi nzuri: betri, skrini, mabomba ya televisheni na plastiki nyeusi za makasha. Mengi ya hayo hayana faida, na kuyachakata kunagharimu. Mnunuzi wa kweli huyachukua pamoja na bodi, au hukwambia ni nani anayeyachukua. Anayetaka bodi tu anakuachia sumu uani kwako, na mwisho wake ni dampo la Mwakirunge. Plastiki nyeusi usiwauzie wanaotengeneza vyombo vya nyumbani, kwa sababu mara nyingi ina kemikali zilezile za kuzuia moto.

*Umefaulu ikiwa* unatoka na risiti inayoonyesha tarehe, namba ya leseni ya mnunuzi, uzito wa kila daraja na bei yake kwa kilo, pamoja na mstari unaosema betri na mabaki yamepokelewa.